Kuongeza Viunganishi vya Mipira ya Haidroliki Nyuma ya Massey Ferguson 135

Mkulima wa Mwakirunge

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Ninaomba ushauri wa watu wanaoyajua matrekta ya zamani kwa kuyafungua, si kwa kuyaendesha tu. Familia yetu ina Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ambayo tumeitumia miaka mingi kwa plau na haro katika shamba letu la Mwakirunge, huku Kisauni. Injini haina matatizo, mikono ya nyuma hunyanyua plau bila kusitasita, na nikizima injini plau hubaki juu kwa muda mrefu kabla ya kuanza kuteremka, jambo linalonifanya niamini kwamba pampu na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) za ndani bado ni nzima.

Nimepata trela la magurudumu mawili ambalo ninataka kuligeuza liwe la kumwaga lenyewe, kwa ajili ya samadi, mihogo na nazi, na pia kokoto na mchanga katika miezi ambayo shamba halina kazi. Silinda nimeinunua kwa wauza vyuma chakavu: pistoni yake ina kipenyo cha milimita 100, fimbo yake milimita 50, na mwendo wake ni milimita 900. Ina matundu mawili, moja kila mwisho. Mzigo hautazidi tani 3.

Shida ni kwamba trekta halina hata kaplingi (kiunganishi cha kuchomekea mpira wa oili) moja nyuma. Lilitoka kiwandani na mikono ya kunyanyulia tu, na hakuna aliyewahi kuliongezea kitu. Fundi mmoja amenishauri nitoboe kifuniko cha haidroliki na kuchomelea nipo (kipande kifupi cha bomba chenye meno), mwingine amesema nifunge pampu ya pili inayozungushwa na PTO (shafti ya trekta ya kuzungushia mashine) pamoja na tangi lake, na wa tatu ameniambia nitumie mabomba ya maji ya mabati kutoka mbele hadi nyuma ili kupunguza gharama. Kila mmoja ana hakika na lake. Ningependa kujua oili ichukuliwe wapi, irudi wapi, na kama pampu ile ya zamani inaiweza kazi hii bila kuharibika.

Fundi wa Shimanzi

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usitoboe, wala usichomelee kitu chochote kwenye kifuniko kile. Ni chuma cha kusubu, ambacho hupasuka kikichomelewa bila kupashwa moto ipasavyo, na chini yake ndipo ilipo silinda ya kunyanyulia. Kipande kidogo cha chuma kikiingia humo kitaikwaruza silinda na kuula mpira wa pistoni. Isitoshe, waliolibuni trekta hili walikwisha kuacha mlango. Ukikaa kwenye kiti, tazama chini upande wa kulia, juu ya kifuniko cha haidroliki, utaona kibamba kidogo kilichofungwa kwa bolti, ambacho watu hukikanyaga kila siku bila kujua kazi yake. Chini ya kibamba hicho ndipo oili yenye presha, inayopanda kutoka kwenye pampu kupitia bomba la wima, inapogeuka kuingia katika silinda ya mikono. Unakiondoa, na mahali pake unafunga kingine chenye tundu la kutolea oili nje. Vinauzwa vya aina mbili: chenye tundu tu, na chenye tundu pamoja na valvu ya kuitenga mikono. Nunua hicho cha pili, hata kama bei yake itakuuma.

Sababu ya kusisitiza valvu hiyo inatokana na jinsi pampu ya 135 inavyofanya kazi. Si pampu ya gia. Ni ya pistoni nne, imezama ndani ya oili katika nyumba ya kati, yaani sehemu ya kati ya mwili wa trekta, na inazungushwa na shafti ya PTO. Valvu yake ya kudhibiti iko upande wa kuvuta, si upande wa kusukuma, kwa hiyo mikono ikifika mahali ulipoiagiza, njia ya kuvuta hufungwa na pampu huendelea kuzunguka bila kusukuma kitu. Sasa ukiunganisha mpira wa oili wa trela bila kuitenga mikono, itapanda mikono kwanza kwa kuwa haina mzigo, itafika juu, valvu itafunga, na trela litabaki limelala pale pale. Wengine hapo hudhani kwamba pampu imekufa, wakaifungua bure.

Ili oili iendelee kutoka, wenzo wa kuweka kimo lazima upitishwe kwenye kituo cha kusafirishia, mpaka mahali pa kupampu mfululizo, mwisho kabisa wa kibao chake. Katika hali hiyo hakuna kinachoizuia pampu isipokuwa valvu ya usalama, na kama mikono haijatengwa itasukumwa hadi chuma kigonge chuma. Valvu ya usalama ya matrekta haya hufunguka kati ya psi 2,500 na psi 3,000 kulingana na toleo, yaani bar 170 hadi 205 hivi. Usiiache ikilia. Kila sekunde inayolia inaichemsha oili na kuichosha pampu.

Kuhusu nguvu, ondoa wasiwasi. Hata kwa bar 100 tu, pistoni ya milimita 100 inasukuma karibu tani 8. Mwanzoni, trela likiwa limelala, silinda husukuma kwa pembe mbaya na hivyo huhitaji nguvu nyingi kuliko uzito wa mzigo wenyewe, lakini bado una nafasi ya kutosha. Pampu iliyo nzima hutoa takriban lita 17 kwa dakika injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi, na silinda yako inameza lita 7 kasoro kidogo au zaidi kidogo, kwa hiyo trela litapanda kwa nusu dakika hivi. Pampu ya pili na tangi lake ni kwa mtu mwenye mota ya haidroliki inayozunguka saa nzima, au mwenye sepetu ya mbele ya kupakilia. Wewe unamwaga samadi.

Angalia pia klachi yako. Kama ni ya hatua moja, ukiikanyaga pampu inasimama na trela linaganda angani. Kama ni ya hatua mbili, ukikanyaga nusu, trekta linasimama nayo pampu inaendelea.

Mwalimu wa Karakana, Likoni

Ninakubaliana na Fundi kuhusu mahali pa kuichukua oili, na kuhusu valvu ya kuitenga mikono sina la kuongeza. Ila naona maelezo yake yanaelekea kwenye mpira mmoja, yaani oili iende kwa mpira huo na irudi kwa huo huo trela likishuka kwa uzito wake. Ni njia rahisi, kwa sababu oili hurudi yenyewe kupitia valvu ya ndani ya trekta na hakuna haja ya njia nyingine ya kurudia. Kwa silinda hii, hata hivyo, nina pingamizi, nalo ni la hesabu.

Oili ya haidroliki katika 135 haina tangi lake. Ni ile ile inayolainisha giaboksi na difu, na yote kwa pamoja ni takriban lita 30. Ukiisukuma silinda hadi mwisho, umeondoa lita 7 katika nyumba hiyo, karibu robo ya oili yote, na umeiondoa wakati ule ule ambao pampu inafanya kazi ngumu zaidi. Trekta likiwa limesimama mahali palipoinama, mdomo wa kuvutia wa pampu unaweza kubaki wazi, ikavuta hewa, na oili ikaanza kutoa povu. Hapo trela litapanda kwa kurukaruka, na pampu itapiga kelele ya kusaga.

Dawa ambayo wengi huitumia ni kuongeza oili, lakini wengi huiongeza trela likiwa juu. Likishuka, lita 7 zinarudi mahali ambapo hapana nafasi tena, oili inapanda kwenye nyumba za ekseli, inapenya sili za shafti za magurudumu, na inaingia kwenye breki. Breki za 135 ni za ngoma na hutakiwa kuwa kavu. Mtu hubaki akishangaa kwa nini trekta lililofungwa haidroliki jana leo halisimami kwenye mteremko.

Silinda yako ina matundu mawili, kwa hiyo itumie kama ilivyotengenezwa. Funga valvu ya wenzo yenye njia mbili, na kaplingi mbili nyuma. Oili inapoingia chini ya pistoni lita 7, upande wa juu, ambako fimbo imechukua sehemu ya nafasi, zinatoka lita 5 na robo ambazo zinarudi kwenye trekta papo hapo. Tofauti ni ujazo wa fimbo peke yake: sentimita 5 kwa sentimita 90, yaani lita 1.8 hivi. Kutoka lita 7 hadi chini ya lita 2, kwa gharama ya mpira mmoja zaidi na valvu. Faida ya pili ni kwamba upande wa fimbo utakuwa na oili wakati wote. Ukiuacha wazi kwa tundu la kupumulia, utavuta hewa hii yetu yenye unyevu na chumvi kila trela linaposhuka, na kabla ya muda mrefu ukuta wa silinda utakuwa na kutu ambayo itazikata sili.

Valvu utakayonunua iwe ile ambayo wenzo wake ukiwa katikati huiachia oili ipite moja kwa moja kurudi kwenye trekta. Zipo pia zinazofunga njia wenzo ukiwa katikati, ambazo hutengenezewa matrekta yenye mfumo tofauti na huu. Ukifunga hiyo kwenye 135 iliyowekwa kwenye kupampu mfululizo, valvu ya usalama italia tangu asubuhi. Muulize muuzaji, na kama hajui, puliza hewa kwenye tundu la kuingilia wenzo ukiwa katikati uone kama inatokea kwenye tundu la kurudia.

Mkulima wa Mwakirunge

Nawashukuru sana. Hesabu ya fimbo sikuwa nimeifikiria kabisa, na imenishawishi. Yamebaki maswali mawili. Oili inayotoka kwenye valvu ya wenzo nairudisha wapi, kwa kuwa sioni tundu lililoandaliwa kwa ajili hiyo? Na je, Bwana Fundi, ikiwa wenzo wa trekta utakaa kwenye kupampu mfululizo ili valvu ya nje ifanye kazi, pampu haitachoka?

Fundi wa Shimanzi

Hesabu ya Mwalimu ni sahihi, na kwa silinda ya ukubwa huo njia yake ni bora. Mpira mmoja bado ninautetea kwa silinda ndogo, mathalani zile za kunyanyulia magurudumu ya haro, ambazo hazimezi hata lita mbili.

Pampu itachoka ukisahau. Oili ikizunguka bure kupitia valvu iliyo katikati haina presha kubwa, lakini pampu hii haikukusudiwa kupampu kutwa nzima. Zoea utaratibu huu: unafika pa kumwagia, unaitenga mikono, unapeleka wenzo kwenye kupampu mfululizo, unamwaga, unashusha trela, kisha unaurudisha wenzo mahali pake kabla ya kuondoka. Ukiendesha kutoka Mwakirunge hadi Bamburi huku pampu inasukuma, utaifikisha oili ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, hasa kwa joto letu la Februari na Machi, na oili iliyokuwa nyepesi namna hiyo huvuja kwenye pistoni za pampu yenye umri huu.

Kuhusu kurudi, kuna sehemu mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni kizibo cha kujazia oili, ambacho unakitengenezea kingine chenye nipo. Ubaya wake ni kwamba lazima ukifungue kila unapoongeza oili, na oili inayoanguka kutoka juu huchapa ile iliyo chini na kuijaza hewa. Ukitumia njia hiyo, ongeza kipande cha bomba kinachoteremka ndani hadi chini ya kimo cha oili, au kielekeze ukutani ili oili iteleze badala ya kuanguka, na hakikisha kwanza kwamba hakigusi gia. Ya pili ni kifuniko cha pembeni cha nyumba ya kati, kile kinachofunguliwa kukagua pampu. Unakiondoa kabisa, unakipeleka kwa fundi wa mashine ya kukerezea akitoboe na kukikata meno kikiwa mezani, unakisafisha, unakirudisha na gasketi mpya. Hapo hakuna unga wa chuma utakaoingia kwenye trekta. Mpira wa kurudia usiwe mwembamba kuliko ule wa kwenda. Ukiubana, presha inajijenga nyuma ya valvu na sili za wenzo wake huanza kutokwa na jasho la oili.

Kibamba cha zamani utakapokiondoa, safisha kwanza eneo lote kwa dizeli na brashi, kisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Mavumbi ya miaka yote yamelala pale. Ndani utakuta oringi, nazo zibadilishe zote bila kujali zinavyoonekana, na ununue za mpira unaostahimili oili, si zile za mabomba ya maji.

Bi. Mipira, Changamwe

Mimi kazi yangu ni kukata na kubana mipira ya haidroliki, zaidi ya foklifti na mashine za kunyanyulia makontena, lakini wakulima kutoka Kwale na Kilifi pia hufika. Naomba nizungumzie mabomba ya mabati, maana hilo limetajwa halafu likapitwa.

Ndugu yangu, mabomba ya maji usiyaguse. Nipo na elbo za dukani zimetengenezwa kwa presha ya maji ya nyumba, na wewe unazungumzia bar 170 na zaidi. Rangi ile ya zinki nayo huambuka ndani vipande vidogo vidogo, vikaingia kwenye valvu. Tumia bomba la chuma lisilo na mshono lililotengenezwa kwa haidroliki pale ambapo hapatikisiki, na mpira pale penye mtikisiko.

Mpira wa nusu inchi unakutosha, lakini soma maandishi yaliyo ubavuni mwake. Wenye safu moja ya waya, unaoandikwa 1SN, katika ukubwa wa nusu inchi umepangiwa bar 160. Hiyo iko chini ya valvu yako ya usalama. Chukua wenye safu mbili, 2SN, ambao kwa ukubwa huo huo umepangiwa bar 275. Tofauti ya bei si ya kukufanya ufikiri mara mbili. Mpira wa kurudia haubebi presha kubwa, kwa hiyo hapo safu moja inafaa. Na mpira wowote uliofungwa kwa klipu ya kukaza na bisibisi si mpira wa haidroliki, hata kama ulitolewa kwenye mashine kubwa bandarini.

Jambo linaloleta hasara nyingi ni meno ya skrubu kwenye viunganishi. Kuna meno ya Kiingereza, BSP, na kuna ya Kimarekani, NPT. Kwa ukubwa wa nusu inchi yote mawili yana meno 14 kwa kila inchi, kwa hiyo yanaingiana, mtu anakaza na anaridhika. Lakini pembe ya meno ni nyuzi 55 kwa moja na nyuzi 60 kwa jingine, na moja huwa nyembamba kuelekea mwisho. Litavuja, na ukizidi kukaza ndani ya chuma cha kusubu utalipasua tundu lenyewe. Njoo na kibamba chako kipya mkononi ili tupime kabla ya kukata mpira. Kwenye tundu la chuma cha kusubu penda meno yaliyonyooka yanayozibwa kwa washa ya chuma yenye mpira ndani, badala ya meno yanayozibwa kwa kukaza. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiitumie, kwa kuwa nyuzi zake zinakatika na kwenda kukaa kwenye valvu.

Kaplingi chukua za nusu inchi za kawaida ya ISO 7241 aina ya A, ndizo zinazopatikana kwa urahisi na zinazoingiliana na trela za watu wengine. Desturi ni jike kukaa kwenye trekta na dume kwenye trela. Nunua na vifuniko vyake vya mpira, maana hapa Pwani kaplingi iliyoachwa wazi hushika kutu kwenye gololi zake mapema mno, na mchanga unaokaa ndani husukumwa moja kwa moja hadi kwenye giaboksi mara tu unapochomeka.

Kuna jambo linalowasumbua wengi wakati wa kuchomeka. Umeliacha trela juani tangu asubuhi, mipira imetenganishwa, na oili iliyofungiwa ndani imetanuka kwa joto. Saa saba unakuja kuchomeka, dume halikubali kuingia. Mtu huchukua nyundo na kuigonga ncha ya valvu ya kaplingi, na hapo imeharibika. Kabla ya kutenganisha mipira, zima injini, kisha usukume wenzo wa valvu mbele na nyuma ili presha itoke. Kaplingi itaingia kwa mkono.

Na tafadhali, usitafute uvujaji kwa kupapasa mpira kwa kidole. Tundu dogo lisiloonekana linaweza kuipitisha oili ndani ya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni. Tumia kipande cha katoni. Likikupata, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie kwamba ni oili ya presha, hata kama kidonda ni kama cha sindano. Mkono hupotea kwa kusubiri kesho.

Dereva wa Shimba Hills

Wazee wamesema mengi kuhusu trekta, nami nitaongeza kidogo kuhusu trela. Kama unavutia kwa ile ndoano ya kuvutia trela iliyounganishwa na mikono, au kwa ubao wa matundu uliofungwa baina ya mikono miwili na kushikiliwa na vyuma vya pembeni, basi ile valvu ya kuitenga mikono ni ya lazima zaidi ya walivyosema. Mikono ikijaribu kupanda huku vyuma vile vimeishikilia, kimoja kitapinda. Na usiliache trela likiwa limenyanyuliwa kwa haidroliki peke yake wakati unashughulika chini yake: tengeneza gogo au chuma cha kulizuia, kikae kwenye trela lenyewe daima.

Tani 3 nyuma ya 135 ni mzigo mkubwa kuliko trekta lenyewe. Kama trela halina breki zake, usiteremke nalo mteremko wowote kwa gia kubwa. Na ukimwaga, angalia juu. Nyaya za umeme mashambani kwetu zimening'inia chini.

Mkulima wa Mwakirunge

Nimesoma yote na nimeamua: kibamba chenye valvu ya kuitenga mikono, valvu ya wenzo ya njia mbili, kurudi kwa kifuniko cha pembeni, mipira ya safu mbili, na gogo la kuzuilia trela. Leo nilitoa kijiti cha kupimia oili ili nijue kimo chake kabla ya kuanza, nikakuta kimo kinafaa lakini oili ina rangi ya maziwa, si ya asali kama niliyoitia. Mikono inanyanyua vizuri kama nilivyosema. Je, niendelee na kazi, halafu nibadilishe oili mwishoni kwa kuwa nyingine itamwagika hata hivyo?

Fundi wa Shimanzi

Usianze kabla hujaimwaga. Hayo ni maji ndani ya oili, na ukianza nayo utayapeleka kwenye silinda, valvu na mipira mipya. Liendeshe trekta mpaka oili ipate joto, kisha ifungulie yote. Chini kuna vizibo zaidi ya kimoja, kwa hiyo fungua vyote, si kile unachokiona kwanza, na uliache likichuruzika usiku kucha. Mtu akikushauri usuuze kwa mafuta ya taa huku pampu inazunguka, mkatalie, maana pistoni zile hulainishwa na oili yenyewe.

Maji hayakuingia kwa muujiza. Tazama mpira unaofunika nyenzo za gia: ukiwa umepasuka na trekta linalala nje, mvua ya Mei yote huteremkia hapo. Tazama na kizibo cha kujazia. Badilisha mpira huo kwanza, kisha jaza oili ya matrekta, ile inayoandikwa UTTO kwenye mtungi, hadi alama ya juu ya kijiti. Ukimaliza kufunga kila kitu, ijaze silinda kwa kuipandisha na kuishusha mara kadhaa trela likiwa tupu, ishushe kabisa, zima injini, subiri oili itulie, ndipo upime na kuongeza iliyopungua. Geji ya presha ninayo. Ukipita Shimanzi unijulishe siku moja kabla, tuipime pampu kwenye tundu jipya kabla hujaufunga mpira wa kwanza.